Duka la magari lilivyotaka nitie sahihi mkataba wa pili wa lisi

Simu iliingia siku ya sita tangu nichukue gari, saa nane mchana, nami nimelala kwa kuwa nilikesha zamu. Kijana aliyeniuzia alisema kuna kosa dogo kwenye makaratasi, kwa hiyo nipitie dukani dakika kumi tu nitie sahihi upya, tena nije na gari. Nikamwuliza, kosa gani? Akasema ni la kompyuta. Malipo yatapanda kidogo, lakini gari ni lile lile.

Naishi Brooklyn Park, Minnesota, na nafanya kazi katika nyumba mbili za kutunza wazee. Hili ndilo gari langu la kwanza la lisi, yaani unalikodi kwa miaka mitatu, kisha unalirudisha au unalinunua kwa bei iliyoandikwa tangu mwanzo. Kwetu Mombasa gari unalikuta yadi, mnapatana, unalipa, unahamishiwa logibuku, mambo yamekwisha. Huku unaondoka na ufunguo huku karatasi bado ziko safarini, na mimi sikulijua hilo. Tangu yanifike haya, watu watatu ninaosali nao wamenisimulia kwamba nao walipigiwa simu kama hiyo. Wote watatu walikwenda wakatia sahihi siku ile ile. Ndiyo maana naandika kwa kirefu.

Mkataba niliotia sahihi ulisema hivi. Bei ya gari baada ya kupatana, na baada ya kutoa thamani ya gari langu kuukuu nililowaachia, ni dola 28,600. Thamani ya gari mwisho wa mkataba ni dola 17,980. Muda ni miezi 36, ruhusa ya kuendesha ni maili 15,000 kwa mwaka, na kila maili ya ziada ni senti 20. Malipo ni dola 376.52 kwa mwezi kabla ya kodi.

Kabla sijajibu lolote nilimpigia mzee mmoja wa Tanga, dereva wa malori, ambaye sote hapa tunamwita Mjomba. Akaniambia, "Mwanangu, gari liache nyumbani. Nitakupeleka mimi. Na kalamu usiishike leo." Nilimtii, na nashukuru. Gari likishaingia uani kwao na ufunguo ukawa mezani kwao, hata sauti yako ya kuzungumza hupungua.

Jioni ile nilisoma karatasi zote, moja baada ya nyingine. Nilikuwa natafuta ile inayosema kwamba umepewa gari kwa masharti, mpaka kampuni ya fedha ikubali. Maduka mengi huipenyeza katikati ya rundo, na ukishaitia sahihi wanaweza kuitumia kukudai gari lirudi. Kwangu haikuwemo. Nilikuwa pia naamini, kama wengi wetu, kwamba Marekani mnunuzi ana siku tatu za kubadili nia. Kanuni hiyo ipo, lakini inahusu mauzo ya nyumbani kwako au mahali pa muda, haihusu gari ulilochukua dukani kwa mwenyewe. Kwa hiyo mimi nisingeweza kurudisha gari kwa kubadili nia, na wao nao wasingeweza kuubadili mkataba bila ridhaa yangu.

Asubuhi nikapiga simu kwa kampuni ya fedha ambayo jina lake liko juu ya mkataba. Mama aliyepokea alinieleza vizuri sana, bila haraka. Akasema jina langu halijafunguliwa akaunti, kwa sababu mkataba umerudishwa dukani urekebishwe. Hapo ndipo nilipoelewa kazi inavyokwenda. Duka ndilo linalotia sahihi kama mkodishaji, halafu linauhamishia mkataba kampuni ya fedha, na kampuni ndiyo inayolilipa duka bei ya gari. Tarakimu zisipolingana na jedwali la kampuni, duka halilipwi. Ile haraka ilikuwa yao.

Nilipofika dukani na Mjomba, meneja wa fedha wa duka alitupokea kwa heshima, akatuletea kahawa. Alieleza kosa lenyewe, na niseme kweli, kosa lilikuwepo. Bei ya gari iliyobandikwa kiwandani ni dola 31,000. Kwa maili 12,000 kwa mwaka kampuni huhesabu kwamba gari litabaki na asilimia 58 ya bei hiyo, na kwa maili 15,000 huhesabu asilimia 56. Kijana wao alikuwa ameandika maili 15,000 lakini akaweka asilimia 58. Thamani ya mwisho ilipaswa kuwa dola 17,360, yaani pungufu kwa dola 620, na pengo hilo hulipwa na anayekodi, kidogo kidogo kila mwezi.

Kisha akaniwekea njia mbili. Ya kwanza, mkataba mpya wa dola 411.04 kwa mwezi. Ya pili, malipo yabaki pale pale ila maili zishuke ziwe 12,000. Hii ya pili aliisema kama zawadi. Mjomba akanigusa mguu chini ya meza, lakini nilikuwa nimeshahesabu. Maili 3,000 mara miaka mitatu ni maili 9,000, na kwa senti 20 kila moja ni dola 1,800, ambazo ningedaiwa siku ya kurudisha gari. Na maili hizo naziendesha kweli, kwa sababu nyumba ninazofanyia kazi ziko mbali na mimi ndiye ninayejaza zamu za wengine.

Nikaomba nakala ya mkataba mpya niende nayo nyumbani. Akasema karatasi isiyo na sahihi haitoki ofisini. Nikasimama, nikavaa koti. Akachapisha nakala.

Sehemu hii naomba muisome polepole, hasa nyinyi mnaopewa tarakimu ya mwezi tu na kuambiwa mambo ni sawa. Dola 620 ukizigawa kwa miezi 36 hazifiki hata dola 18. Sasa kwa nini malipo yamepanda kwa zaidi ya dola 34? Tangu 1976 Marekani ina sheria ya shirikisho ya kukodisha vitu kwa watumiaji, inayohusu mikataba ya zaidi ya miezi minne. Sheria hiyo inalazimisha karatasi ioneshe bei ya gari, thamani ya mwisho, na jumla ya gharama ya kukodi, ambayo kwa lugha yetu ya kawaida ndiyo riba. Hailazimishi kuonesha kile wanachokiita mani fakta, ile tarakimu ndogo yenye sifuri nyingi inayozaa riba hiyo. Lakini unaweza kuikamata mwenyewe. Chukua jumla ya gharama ya kukodi, igawe kwa miezi. Jibu ligawe kwa bei ya gari iliyo kwenye mkataba (kwangu 28,600) ukijumlisha na thamani ya mwisho.

Mkataba wangu wa kwanza ulionesha gharama ya dola 2,934.54. Kwa mwezi ni 81.515, na ukigawa kwa 46,580 unapata 0.00175. Izidishe kwa 2,400 uone riba ya mwaka: asilimia 4.2. Mkataba mpya ulionesha dola 3,557.30. Kwa mwezi ni 98.81, na ukigawa kwa 45,960 unapata 0.00215, yaani asilimia 5.16. Walikuwa wamepandisha riba ndani ya karatasi waliyoniambia inasahihisha thamani ya gari. Kama wangesahihisha kosa peke yake, malipo yangekuwa dola 392.65. Zile dola 18 na ushei juu yake kwa mwezi hazikuwa na kosa lolote la kuzieleza. Nilikaa jikoni nikazihesabu mara tatu, nikaumia moyo, kwa sababu mtu yule alikuwa amenitazama usoni.

Nikaandika barua pepe fupi. Nilitaja tarakimu zote mbili za riba, nikauliza nani aliyeibadili na kwa nini, nikasema mkataba nilio nao una sahihi za pande zote mbili na nitaufuata mpaka tukubaliane vingine kwa maandishi. Meneja alipiga simu kwa sauti ya juu, akasema gari linaweza kuja kuchukuliwa. Nikamwomba aniandikie maneno hayo hayo. Hakuandika. Nikamjulisha kwamba jibu lisipopatikana, nitapeleka karatasi zangu ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Minnesota, ambayo hupokea malalamiko ya wateja bila kukutoza chochote.

Haikufika huko. Siku mbili baadaye alinipigia meneja mkuu wa duka, mtu mzima, mtaratibu. Hakubishana. Riba ingerudi ilivyokuwa, maili zingebaki 15,000, thamani ya mwisho ingekuwa 17,360 kama kampuni inavyotaka, na duka lingeshusha bei ya gari kwa dola 550, iwe 28,050. Nilihesabu nikiwa bado kwenye simu: dola 376.41 kwa mwezi. Pungufu kwa senti 11.

Nilikubali. Wapo walionilaumu, wakasema ningeshikilia ule wa kwanza hadi mwisho. Naheshimu mawazo yao. Lakini mkataba ambao kampuni haijaupokea ungeniacha sijui malipo nipeleke wapi, na namba za gari zilikuwa bado za karatasi. Isitoshe, nikitaka kulinunua gari baada ya miaka mitatu, sasa nitalinunua kwa dola 620 pungufu.

Siku ya kutia sahihi nilisoma kila mstari. Walikuwa wameuwekea mkataba mpya tarehe ya ule wa zamani. Nikakataa, wakaandika tarehe ya siku ile. Nikadai pia barua ya duka inayosema mkataba wa kwanza umefutwa na sidaiwi chochote juu yake, kwa sababu sikutaka mikataba miwili iwe hai kwa jina langu. Meneja mkuu aliiandika mwenyewe na kuitia sahihi mbele ya Mjomba.

Gari lenyewe sina neno nalo, linashika barabara kwenye theluji na linawaka asubuhi hata baridi ikizidi. Duka nalipatia nyota mbili kati ya tano, na zote mbili ni za yule meneja mkuu. Kosa la kijana nimelisamehe. Ile riba iliyopandishwa kimyakimya sijaisamehe, na kama una miadi na duka lolote wiki hii kwa "marekebisho madogo", nenda na kikokotoo na mtu mzima wa kukaa naye. Bili ya kwanza ilikuja: 376.41 na kodi yake. Niliiweka katika bahasha moja na mikataba yote miwili na ile barua, ndani ya sanduku la nguo, na humo zitakaa mpaka miezi 36 iishe.