Seti ya cheni na sproketi za bodaboda: ipi ununue, na lini uache kwanza

Seti mpya ikianza kulia wiki ileile iliyofungwa, lawama zote hutupiwa spea: "Hii feki." Huenda kweli ni feki. Lakini mara nyingi ugonjwa uko kwenye gurudumu la nyuma, na hata seti ya bei kubwa italiwa vilevile. Pima kwanza, ununue baadaye.

Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, gia iwe huru. Zungusha gurudumu polepole huku ukibonyeza cheni ya chini kwa kidole. Kama inakaza na kulegea kwa zamu, tia alama ya chaki kwenye jino moja la sproketi ya nyuma na kwenye pingili moja ya cheni. Ikikaza mara moja kila gurudumu linapozunguka, sproketi haikukaa katikati ya habu (kitovu cha gurudumu), au imepinda. Ikikaza pale tu pingili yenye chaki inaporudi ilipoanzia, cheni yenyewe imevutika sehemu moja. Kwa sproketi ya meno 42 na cheni ya pingili 118, hiyo ni karibu mizunguko mitatu ya gurudumu, kwa hiyo usiwe na haraka.

Kisha shika tairi juu na chini, ulisukume kushoto na kulia. Gurudumu likicheza peke yake, beringi za habu zimekwisha. Likicheza pamoja na swingamu (mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma), ni bushi za swingamu. Shika na sproketi yenyewe: kwenye habu zenye raba, kusogea kidogo mbele na nyuma ni kawaida, lakini ikiyumba upande au ikigonga, raba au beringi yake imekufa. Raba ni spea ya bei ndogo, na wengi huiruka.

Meno yaliyoliwa upande mmoja tu yanasema cheni haiendi kwenye mstari. Hapa usiziamini alama zilizochongwa kwenye swingamu. Pima kwa rula ya chuma kutoka katikati ya boliti ya swingamu hadi katikati ya ekseli, kushoto na kulia, vipimo vilingane. Vikilingana na bado cheni inapinda, kagua bushi za ekseli. Gurudumu likitolewa kuzibwa pancha, bushi ya kushoto ikarudishwa kulia, gurudumu zima husogea upande. Kurekebisha cheni hapo ni kazi bure.

Haya, sasa dukani. Nenda na sproketi ya zamani mkononi, si jina la pikipiki tu, maana modeli moja huweza kubadilishwa habu toleo hadi toleo. Linganisha idadi ya meno, upana wa tundu la katikati, umbali wa tundu la boliti hadi la mkabala wake, na kama bamba ni bapa au limebonyea. Tundu la katikati ndilo linaloiweka sproketi mahali pake, boliti kazi yake ni kubana tu. Likiwa pana kuliko habu, usikubali kuambiwa "boliti zitashika."

Soma na namba ya cheni. Pikipiki nyingi za bodaboda hutumia 428. Cheni ya 420 ina hatua ileile (umbali wa pini hadi pini) ya milimita 12.7, ndiyo maana huchanganywa, ila ni nyembamba: haikai kwenye sproketi ya 428. Ukigeuza, cheni ya 428 juu ya sproketi ya 420 itakaa, lakini itayumba na kula meno.

Nafasi ya kwanza tunaipa seti kamili ya kiwanda cha pikipiki yako, au seti ya modeli yako hasa kutoka kwa watengenezaji wa cheni wanaojulikana, kama Rolon na Diamond za India au DID ya Japani. Cheni na sproketi zote mbili zinaanza kazi pamoja.

Ya pili ni seti yenye cheni ya 428H. Sahani zake ni nene zaidi na inaingia kwenye sproketi zilezile za 428. Anayebeba saruji au magunia aanzie hapa.

Ya tatu, cheni yenye raba ndogo ndani ya pingili. Hudumu vizuri kwenye vumbi, lakini ni pana. Angalia isikwaruze kava la cheni. Isafishwe kwa mafuta ya taa, kamwe si petroli.

Ya nne, seti isiyo na jina. Pitisha tupa kwenye ncha ya jino: likikatika kirahisi, chuma ni laini, rudisha. Vuta cheni ikaze, upime pingili 20: mpya isome milimita 254.

Ya mwisho kabisa ni cheni mpya juu ya sproketi kuukuu. Meno yaliyochongoka huimaliza mapema, na utarudi dukani kununua vyote. Cheni ya mtumba iliyofika milimita 259 kwa pingili 20 hata bure usiichukue.

Kuhusu kuongeza meno ya nyuma kwa ajili ya milima: kutoka 42 hadi 45, injini itazunguka karibu asilimia 7 zaidi kwa mwendo uleule, na cheni ya zamani huenda isifike.

Wakati wa kufunga, kaza boliti za sproketi kwa mkingamo, weka vibati vipya vya kuzuia nati, na uvikunje. Fuata ulegevu ulioandikwa kwenye kibandiko cha pikipiki. Kwa nyingi ndogo ni milimita 20 hadi 30, upimwe pale cheni ilipokaza zaidi. Kilipu ya kiungio upande wake uliozibika utazame mwelekeo cheni inakokwenda, la sivyo jiwe moja litaichomoa. Paka oili ya gia SAE 90, na baada ya kilomita 300 hadi 500 kagua tena ulegevu na nati zote.