Meza ya samaki Darajani, mzee anakwambia kweli unanunua nini

Kama nyumbani kuna mja mzito au watoto wadogo mie nawashauri samaki mnunue kwa huyu mzee wa Darajani. Bei yake ya kawaida tu, sifa yake ni kwamba samaki anawauza wazima na kichwa na mkia, ukimuuliza jina anakutajia lilelile.

Hili kubwa jamani, kwa sababu zebaki, ile metali yenye sumu inayojikusanya kwenye samaki, haionekani wala hainuki, utafunua matamvua utabonyeza nyama utaona samaki freshi katoka baharini alfajiri na bado anayo, halafu umkaange, umchemshe, umtie chumvi umwanike, haitoki ng'o, ishaingia kwenye nyama. Sokoni kinachokusaidia ni kujua aina na ukubwa. Wanaokula samaki wenzao na kuishi miaka mingi ndo wanaikusanya, papa, nduaro, jodari wale wakubwa. Marekani wajawazito wanaambiwa papa na nduaro wasiguse, na nguru wa huko pia yumo. Sasa huku kwetu papa mkavu wa nazi nani hampendi, na unauziwa kipande tu hujui alikua mkubwa kiasi gani!

Nilimwambia mzee namnunulia wifi yangu ana mimba, sitaki samaki mkubwa. Akakiweka pembeni kipande cha jodari alichokua keshakishika, "basi mwanangu mchukulie tasi hawa, au vibua", akachagua wa ukubwa wa kiganja, akawapara na kuwapasua palepale bila kuongeza hela. Wengine wangekulazimisha uchukue yule wa bei kubwa. Na sisemi mja mzito asile samaki, hasha, mtoto anahitaji yale mafuta kwa ubongo wake, ila ubongo huohuo ndo zebaki inaudhuru, kwa hivo ale hawa wadogo mara 2 au 3 kwa wiki.

Pweza nae anamsafisha vizuri, kichwa anakigeuza ndani nje, ini na wino vyote ndooni mbele ya macho yako, na hilo zuri kwa sababu kadmiamu, metali nyengine yenye sumu, kwa pweza na ngisi hujaa kwenye ini kuliko mikononi.

Kasoro ni barafu, anaweka kidogo mno. Ikifika mchana vibua washalegea, na vibua na jodari wakikaa na joto wanafanya sumu ya kuwasha mwili na kuuma kichwa, nayo kupika hakuiondoi. Nendeni kabla ya saa nne asubuhi. Nyota 4, akiongeza barafu ntampa 5.