Yamaha TT-R125LE: nzuri kwa kujifunzia, si kwa kurukia

Wengi wanaotaka kuanza motokrosi, yaani mbio za pikipiki kwenye njia za udongo na vilima, huona namba 125 ubavuni mwa pikipiki wakadhani TT-R125LE na YZ125 ni ndugu wa tumbo moja. Sivyo. YZ125 ni ya mashindano: injini ya mipigo miwili inayopozwa kwa maji, petroli yake lazima ichanganywe na oili, kiti kinapita milimita 900 kutoka chini, na pistoni hubadilishwa kwa kuhesabu saa za kuendesha. TT-R125LE ina injini ya mipigo minne ya cc 124 inayopozwa kwa hewa, gia 5, na petroli unaitia kavu kavu kama kwenye bodaboda. YZ humtupa mgeni kabla hajajua klachi, kifaa kinachounganisha injini na gia, inashikia wapi. Hii humvumilia.

Uvumilivu huo ndio unaoulipia. Nguvu ni ndogo na inakuja taratibu, kwa hiyo mkono ukivuta mafuta kwa bahati mbaya, pikipiki haikuponyoki. Klachi ni ya mkono, tofauti na ile TT-R110E ya gia 4 inayojishikia yenyewe. Hiyo waachie watoto, kwa sababu mtu mzima anayelenga motokrosi asipojifunza klachi mapema ataijutia kwenye kona ya kwanza yenye mchanga. Kiti kiko milimita 805 na uzito ni kilo 90 pamoja na mafuta. Kilo hizo zina maana kubwa: anayejifunza huangusha mara kwa mara, na kuinua pikipiki nzito kunachosha kuliko kuiendesha.

Kabla ya kuwasha, rekebisha vishikio vya klachi na breki ya mbele. Dukani huwa vimeelekezwa juu, kwa mtu aliyekaa, ilhali kwenye vumbi muda mwingi unasimama juu ya pegi, yaani vikanyagio vya miguu. Legeza bolti, vishushe hadi mkono na vidole vinyooke mstari mmoja ukiwa umesimama. Usizikaze bolti hizo kupita kiasi: kishikio kikiweza kuzunguka kidogo pikipiki inapoanguka, hakikatiki. Klachi iache na uchezo wa kama milimita 10 kwenye ncha, la sivyo sahani zake za ndani zitateleza na kuungua. Upepo wa tairi ni psi 15 tu, mbele na nyuma. Mafundi wa mtaani waliozoea pikipiki za barabarani watataka kukujazia mara mbili ya hapo. Ukiwaruhusu, tairi zitadunda juu ya mawe badala ya kuyashika.

Breki ya mbele ni diski ya milimita 220 na inatosha kabisa. Ya nyuma ni ya ngoma, na ikishapita kwenye maji inapoteza nguvu. Ukivuka kijito, ikanyage kidogo kidogo huku ukiendelea kwenda mpaka ikauke.

Shokapu ndizo zinazoonyesha mwisho wa pikipiki hii. Mbele zinashuka milimita 180, nyuma 168, na springi zake ni laini. Kwa mtu mwepesi anayezunguka kwenye kona na vilima vidogo, ni starehe. Kwa mtu wa kilo 80 anayeruka hata kilima cha mita moja, zinagonga chini na usukani unapigwa kutoka mikononi. Anayetaka kuruka asimalize fedha kuibadilishia springi. Aiuze, achukue kubwa zaidi.

Matengenezo ni mepesi, ila mambo mawili hayasamehe. La kwanza ni chujio la hewa, ambalo ni la sponji. Lifue kwa maji ya sabuni kila baada ya siku ya vumbi, likauke kabisa, kisha lilowanishe kwa oili ya chujio na ulikamue. Usilifue kwa petroli, inayeyusha gundi ya maungio na vumbi linapenya. Vumbi likifika ndani linakula ringi za pistoni. Pikipiki inaanza kutoa moshi na kupoteza nguvu mlimani. La pili ni kabureta. Ukiegesha wiki kadhaa, funga koki ya petroli na ufungue skrubu ya chini ya kabureta umwage petroli iliyobaki, vinginevyo jeti ndogo, kitundu chembamba cha kupitishia petroli, itaziba. Dalili yake haifichiki: inawaka kwa choki tu, ile ya kuwashia injini ikiwa baridi, na ukiirudisha inazima. Honda CRF125F iliachana na kabureta mwaka 2019, na kwa anayeegesha mara kwa mara hiyo ni sababu tosha ya kuifikiria.

Cheni ni saizi ya 428, ambayo haikosekani kwa wauza spea za bodaboda. Vingine vingi ni vya kuagiza. Haina taa wala vioo, haijatengenezewa barabara. Gharama ya pikapu ya kuipeleka uwanjani ihesabu tangu mwanzo, pamoja na helmeti, miwani, kinga za magoti na buti ndefu ngumu. Buti zisiahirishwe, maana mguu ukibanwa kati ya pegi na ardhi, kiatu cha kawaida hakifui dafu.

Ukinunua iliyotumika, mkute muuzaji injini ikiwa baridi. Akiwa ameshaipasha moto, anaficha uwakaji mgumu. Inua gurudumu la nyuma ulisukume kushoto na kulia: likicheza, bearingi za gurudumu au za mkono wa nyuma, chuma kinachobeba gurudumu hilo, zimekwisha. Pitisha kucha kwenye nguzo za shokapu za mbele. Ikikwama kwenye mkwaruzo, sili zitavuja oili hata ukiweka mpya.