Mgahawa wa darini Shangani: nilikwenda na wageni wavutaji na mjomba mwenye pumu

Mwezi wa saba nilikuwa nawatembeza wageni wanne wa semina: Wachina wawili, Mjapani na Mjerumani. Usiku wa kuagana nikawapeleka kula darini, mtaa wa Shangani, Mji Mkongwe wa Unguja, nikamwalika na Mjomba. Pweza wa nazi alikuwa laini, wali ulikuja umepoa, juisi ya ukwaju nzuri mno. Lakini kilichonifanya niandike ni moshi.

Wote wanne wanavuta, na Mjomba ana pumu. Nilipiga simu mgahawani asubuhi kuwaeleza. Tulipofika, Mjomba amewekewa kiti upande wa kusini, na kisahani cha majivu kiko pembe ya kaskazini kabisa. Kusi, upepo utokao kusini, ilikuwa inavuma, moshi ukaenda mbali naye. Aliyepanga meza ile anaujua upepo wa kwao.

Hatujaagiza chakula, Mchina mkubwa akasimama, akachomoa sigara, akampa Mjomba kwa mikono miwili. China sigara ni takrima; hata harusini bibi harusi huwawashia wageni. Mjomba akaduwaa. Kwetu mtu huficha sigara mbele ya mkubwa wake, hata akiwa na wajukuu. Mhudumu, kijana wa miaka ishirini na kitu, akainama sikioni mwake: "Babu, pokea tu, si lazima uvute. Iweke kando ya sahani." Mjomba akapokea kwa mkono wa kulia, wa kushoto kifuani. Yule mgeni uso ukamnawiri.

Mjerumani yeye aliomba ruhusa kwanza, kama ilivyo adabu kwao. Mjomba akajibu, "Karibu, karibu." Mgeni akatoa kiberiti palepale, kwa kuwa kwake ruhusa ni ruhusa. Angejuaje kwamba mzee wa Kiunguja hamwambii mgeni hapana? Nilitaka kusema, nikaona haya. Kijana akaniokoa: akamwonyesha ile pembe, akamwambia bahari inaonekana vizuri zaidi kule, na ni kweli. Wenzake wakamfuata. Hakuna aliyefukuzwa, wala aliyeaibika.

Mjapani alivuta na kikopo chake cha mfukoni chenye kifuniko, majivu na kipisi vyote humo. Akanieleza kwamba Chiyoda, huko Tokyo, kuvuta barabarani kumekatazwa tangu 2002 na faini hutozwa papo hapo. Natamani meza ya jirani wangemwona, maana vipisi vyao waliviacha kwenye chungu cha mrehani.

Hilo ndilo lalamiko langu kwa wenye mgahawa: kisahani kimoja kwa pembe nzima hakitoshi. Wekeni vitatu, vizito, visipeperushe majivu. Na ngazi za mwisho zinahitaji taa. Mzee nilimshika mkono mpaka chini.

Nitarudi. Ukienda na mgonjwa wa kifua, piga simu mapema, na baada ya Novemba kaskazi, upepo utokao kaskazini, ikishaanza, ulizia meza ya upande gani. Mjomba hakukohoa usiku ule. Ile sigara bado anayo, ameiweka kabatini pamoja na kadi za wageni wake.