Kisanduku cha kusikilizia neva: kifaa kizuri, kijitabu pungufu

Kwa muhula mzima nimekitumia na wanafunzi wangu wa baiolojia kisanduku kidogo cha kusikilizia neva, cha aina ile inayotengenezwa kwa ajili ya madarasa na kwa watu wanaojifunza wenyewe nyumbani. Ndani ya boksi mna amplifaya ya betri yenye spika yake, pini kadhaa zilizoungwa kwa waya, kipande cha kizibo laini cha kuchomekea pini, waya wa kuunganishia simu, na kijitabu cha maelekezo chenye sura moja ya historia. Navitathmini vyote viwili, kifaa na kijitabu, kwa sababu vimeuzwa pamoja, na kwa sababu sioni faida ya kusikiliza neva ya mdudu ikiwa msikilizaji haelezwi ni wanyama gani waliotangulia kuwekwa mezani mpaka sauti hiyo ikaeleweka.

Jaribio la kwanza ni la mguu wa mende. Mende hutumbukizwa katika maji ya barafu mpaka aache kabisa kusogea, mguu mmoja wa nyuma hukatwa, kisha pini moja huchomwa kwenye sehemu pana ya juu na nyingine chini yake kidogo. Ukiwasha kifaa, kwanza unasikia mvumo mfululizo kama wa mvua ya mbali. Ukichukua kijiti cha meno na kugusa mwiba mmoja tu kati ya miiba midogo iliyopangana kwenye mguu, ndani ya mvumo ule hutokea mlio wa ta-ta-ta, mkavu na wa haraka, kama kuni mbichi zinazopasuka motoni. Darasa langu, ambalo kwa kawaida halitulii kwa urahisi, lilinyamaza lote bila mimi kusema neno.

Jambo kubwa zaidi lilikuja baadaye kidogo, mwanafunzi mmoja alipoanza kusukuma mwiba kwa nguvu zaidi. Alitarajia mlio uwe mkubwa zaidi, kumbe ulichoongeza ni kasi tu. Na kwenye skrini ya simu milipuko ya neva ileile, yaani ishara fupi za umeme zinazotoa mlio ule, ilibaki na kimo kilekile, ikasongamana zaidi. Alipoushikilia mwiba palepale bila kuuachia, milipuko ilianza kupungua, kana kwamba neva imeizoea habari ile. Haya ndiyo mambo mawili ambayo mtafiti Edgar Adrian wa Cambridge, Uingereza, na mwenzake Yngve Zotterman waliyaonyesha mwaka 1926 kwa kutumia msuli wa chura na neva yake, walipofanikiwa kusikiliza uzi mmoja tu wa neva: kwamba neva hutoa mlipuko kamili au haitoi kabisa, na kwamba ukubwa wa kichocheo hutafsiriwa kuwa wingi wa milipuko kwa sekunde. Adrian alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1932 pamoja na Charles Sherrington, na mtoto wa shule leo analifikia wazo hilo kwa kijiti cha meno katika dakika 10. Kwa hili peke yake nakisifu kifaa bila kusita.

Ajabu ni kwamba kijitabu kinampa Adrian sentensi moja tu, na kinaacha kisa ambacho kingemfaa kuliko vyote mtumiaji wa kifaa chenye spika. Adrian alikuwa ameunganisha elektrodi, yaani vipande vya kupokelea umeme kama pini zetu, kwenye neva ya jicho la chura, ndani ya chumba chenye giza karibu kabisa, akawa anasikia kelele zinazojirudia kutoka kwenye spika asijue zinatoka wapi. Alipolinganisha kelele hizo na mienendo yake mwenyewe chumbani ndipo akatambua kwamba yeye ndiye aliyekuwa akionwa na jicho lile, na kila alipopita mbele yake neva ilitoa habari. Niliwasimulia wanafunzi kisa hiki huku kifaa kikiwa kimewashwa, na nina hakika kimewakaa kuliko maelezo yote ya ubaoni.

Jaribio la pili linageuza mambo: badala ya kusikiliza, unapeleka umeme mguuni kupitia tundu la simu la kuchomekea spika za masikioni. Ukicheza muziki wenye midundo mizito, mguu uliokatwa unarukaruka kwa kufuata mdundo, kwa kuwa mikondo ya sauti nzito huamsha neva za misuli. Hapa tuko mbele ya Luigi Galvani, daktari wa Bologna, Italia, na hapa ndipo kijitabu kinaponikera. Kinarudia ile hadithi ya kwamba mke wa Galvani alikuwa akiandaliwa supu ya vyura, kisu kikagusa mguu, mguu ukaruka, na sayansi ikazaliwa kwa bahati. Ukweli ni kwamba Galvani alikuwa amekwisha kufanya kazi ya utaratibu juu ya vyura na umeme tangu mwanzoni mwa miaka ya 1780, na miguu ile ilikuwa imechunwa na kuandaliwa mezani kwa ajili ya majaribio. Msaidizi alipogusa neva ya chura kwa kisu cha upasuaji wakati mtambo wa umeme uliokuwa kando ukitoa cheche, misuli ilijikunja ghafla. Kuanzia hapo likafuata jaribio juu ya jaribio, mpaka alipochapisha matokeo mwaka 1791. Naye mkewe, Lucia Galeazzi, alikuwa binti wa profesa wa anatomia na alimsaidia mumewe katika kazi yake, kwa hiyo kumwacha katika historia kama mgonjwa anayesubiri supu ni kumdhulumu.

Aidha, kijitabu kinadai kwamba mwanafizikia Alessandro Volta alimshinda Galvani na mjadala ukaisha. Volta alikuwa na hoja nzito, kwani metali mbili tofauti zilizotumika kugusa mguu zenyewe zilizalisha umeme, na kutokana na hoja hiyo akafikia betri yake ya mwaka 1800. Hata hivyo katika miaka ya 1790 Galvani alikuwa ameonyesha kwamba msuli hujikunja hata pasipo metali yoyote, pale neva inapogusishwa moja kwa moja na tishu za chura. Kila mmoja alikuwa ameshika upande wake wa ukweli, na kisanduku hiki, chenye betri ndani yake na pini zinazopokea umeme wa mende, ni ushahidi wa wote wawili kwa pamoja. Sijui ni kwa nini mwandishi wa kijitabu hakuliona hilo.

Jaribio la tatu, la nyungunyungu, ndilo ninalolipenda zaidi. Toleo nililonalo lina njia mbili za kupokea mawimbi, hivyo unaweza kupima muda ambao ujumbe unachukua kusafiri kutoka pini moja hadi nyingine. Nyungunyungu hulazwa kwa dakika chache katika maji yenye kilevi kidogo mpaka alegee, pini huchomwa juujuu tu, na baada ya kazi husuuzwa na kurudishwa udongoni. Sisi tulipata milisekunde 2 kwa umbali wa milimita 30, yaani mita 15 kwa sekunde. Ukigusa upande wa kichwa, ujumbe hupita katika uzi mkubwa wa katikati. Ukigusa mkia, hupita katika nyuzi za pembeni ambazo ni nyembamba na za polepole zaidi, na tofauti hiyo tuliiona wenyewe kwenye skrini. Mwaka 1850 Hermann von Helmholtz alipopima kasi hii katika neva ya chura na kupata karibu mita 30 kwa sekunde, watu wengi waliamini kwamba ujumbe wa neva ni wa papo hapo, na mwalimu wake mwenyewe, Johannes Müller, alikuwa ameandika kwamba pengine muda huo hautapimika kamwe. Sura ya historia inalieleza jambo hili vizuri, na kutoka hapo inavuka kwa ustadi hadi kwa ngisi, ambaye uzi wake mkuu wa neva hufikia karibu milimita 1 kwa upana, kiasi kwamba mwaka 1939 Alan Hodgkin na Andrew Huxley waliweza kuingiza elektrodi ndani yake kule Plymouth. Hizo ndizo kurasa bora za kijitabu chote.

Tatizo la kiufundi lililotusumbua ni mvumo wa umeme wa ukutani. Simu ikiwa kwenye chaja, au taa ya mezani ikiwa karibu, spika hutoa mvumo mzito unaofunika kila kitu, na kijitabu hakitoi onyo lolote juu ya hilo. Tulipoteza vipindi viwili tukidhani pini zimeharibika. Dawa yake ni kuchomoa chaja na kusogea mbali na vifaa vingine vya umeme. Pini zenyewe hupinda upesi, lakini betri inadumu.

Nimeliacha mwisho jambo lililo zito kwangu. Kijitabu kinamwambia mwanafunzi kwamba mguu wa mende utaota tena na kwamba mdudu hahisi chochote. Dai la kwanza ni nusu ya ukweli: mende mchanga anaweza kuotesha mguu mwingine anapojivua gamba, lakini mende mkubwa hajivui tena, na ule uliokatwa ndio umekwenda, na mende wanaoonyeshwa kwenye picha za maelekezo ni wakubwa. Dai la pili haliwezi kutolewa kwa uhakika wa namna ile, kwa kuwa wataalamu wangali wanajadiliana kama wadudu wanahisi maumivu, na maji ya barafu yamewekwa kwenye utaratibu kwa sababu hiyohiyo ya tahadhari. Kumwondolea mtoto swali hili kwa sentensi moja ya uongo si kumsaidia.

Sura ya historia nayo ina upungufu uleule. Inataja majina ya wanaume na tarehe, lakini wanyama wanapita kama vifaa. Haisemi kwamba tabibu Galen, katika karne ya 2, aliwaonyesha watu wa Roma nguruwe aliyekuwa akipiga kelele, akazifunga neva za koo lake na kelele zikakoma, akathibitisha kwamba sauti inatawaliwa na ubongo na si moyo. Haisemi kwamba François Magendie, alipobainisha mwaka 1822 kuwa mizizi ya nyuma ya neva za uti wa mgongo hubeba hisia na ya mbele hubeba mwendo, alifanya hivyo kwa kuwapasua watoto wa mbwa walio macho, miaka 24 kabla ya nusukaputi ya etha kuonyeshwa hadharani. Wala kwamba Charles Bell, aliyeligusa jambo hilohilo mwaka 1811, alichukia kuwatesa wanyama kiasi cha kutumia sungura aliyezimishwa fahamu kwanza, na hakufika kwenye jibu kamili. Haitaji sheria ya Uingereza ya mwaka 1876 ya kudhibiti majaribio ya namna hii, wala kesi ya mwaka 1881 dhidi ya mtafiti wa ubongo David Ferrier kuhusu kima waliopasuliwa ubongo, ambayo alishinda kwa kuwa aliyeshika kisu alikuwa mwenzake mwenye leseni. Daktari anayebaini leo ni mzizi upi wa neva umeumia anatumia ujuzi uliotoka kwa mbwa wale, na mwanafunzi anayekata mguu wa mende anastahili kuujua ukweli huo wote, faida na gharama yake.

Kwa hiyo, anayetaka kununua kifaa cha aina hii anunue, na ahakikishe kina njia mbili za kupokea mawimbi, kwa sababu jaribio la nyungunyungu halifanyiki vizuri bila hizo, na ndilo ambalo mnyama wake anarudi hai alikotoka. Aanze na hilo kabla ya mende. Mimi nimekitoa kijitabu kwenye boksi langu, nikabakiza kurasa za Helmholtz na za ngisi, na mahali pa nyingine nimeweka karatasi nne nilizoandika kwa mkono, ya kwanza ikianza na yule nguruwe wa Roma.