Masomo ya Elimu ya Jumla California: Chuo cha Jamii au Chuo Kikuu?

Kwa gharama ya masomo ya elimu ya jumla, yaani yale ya lazima kwa wanafunzi wa fani zote, chuo cha jamii (chuo cha umma cha miaka miwili ambacho mtu huweza kuanzia kisha akahamia chuo kikuu) kinashinda waziwazi. Mkazi wa California hulipa dola 46 kwa kila kredi, hivyo kredi 30 za mwaka mmoja humgharimu dola 1,380, ilhali ada ya msingi ya California State University kwa mwaka 2025/26 ni dola 6,450. Hata hivyo, mwanafunzi ambaye ada yake yote inalipwa na Cal Grant, ruzuku ya masomo ya jimbo hilo, hatauona mfukoni mwake unafuu wote huo, na nauli na kodi ya nyumba humkuta popote aendapo.

Suala la kredi kutambuliwa ndilo zito zaidi. Tangu msimu wa vuli wa 2025, mpango wa Cal-GETC, yaani orodha ya masomo ya elimu ya jumla yenye kredi 34 kwa wanaohama kutoka chuo cha jamii, hutambuliwa na mifumo yote miwili ya vyuo vikuu vya umma vya jimbo hilo (California State University na University of California), lakini anayelenga uhandisi hufanya vyema kutanguliza hesabu na fizikia, kwa kuwa kumaliza elimu ya jumla peke yake hakumhakikishii nafasi katika fani hiyo. Aliyeanza chuo kikuu hana kihunzi hicho cha kuhama.

Madarasa ya chuo cha jamii kwa kawaida ni madogo, jambo ninalolithamini hasa katika somo la uandishi, ingawa walimu wengi huajiriwa kwa muda na si rahisi kuwapata baada ya kipindi. Anayefanya kazi mchana atafaidi zaidi vipindi vya jioni vya chuo cha jamii. Mwenye ufadhili kamili na fani aliyokwisha kuichagua ana sababu nzuri ya kwenda chuo kikuu moja kwa moja.