DMSO ya duka la kemikali Industrial Area: nzuri, lakini chunga maji

Wenye mnatengeneza nyuzi za akriliki kwa lab, hii DMSO (dimethyl sulfoxide, kemikali ya maji maji ya kuyeyushia vitu) ya chupa ya lita nanunua duka moja huku Industrial Area naipea nyota nne. Poda ya PAN (polyacrylonitrile, plastiki yenyewe ya akriliki) inayeyuka poa kabisa ukipasha kama digrii 60 ukikoroga polepole, unapata mchanganyiko mzito wa manjano hafifu, na ukiinua kijiti unavutika uzi mrefu bila kukatika, hapo unajua iko sawa. Sumu yake pia ni kidogo kuliko DMF, kiyeyushi kingine cha PAN, ile inaumiza ini, lakini glavu bado vaa juu hii inapenya ngozi haraka sana.

Shida ni maji. DMSO inavuta unyevu hewani na maji hayayeyushi PAN, kwa hivyo ukiacha chupa wazi msimu wa mvua minyororo ya polima (molekuli ndefu za PAN) inaanza kushikana, mchanganyiko unapata ukungu halafu unakuwa jeli na sindano ya kutolea uzi inaziba. Chupa moja kifuniko kilikuwa kimelegea, walibadilisha bila maneno lakini nyota ya tano ilipotelea hapo. Maji yanafaa kwa beseni ya kugandisha uzi tu, na hata huko ongeza DMSO kiasi, juu maji matupu yanagandisha ngozi ya nje ya uzi mbio na ndani kunabaki mashimo, uzi unakuwa dhaifu.

Halafu inaganda ikishuka chini ya digrii 18.5, so asubuhi za Julai utaikuta imekuwa ngumu, haijaharibika, iweke kwa maji ya vuguvugu kifuniko kikiwa kimekazwa.